Ndama kazaliwa matumbo nje: kabla ya kuuliza nani kafanya, uliza ilianza lini

Kuna picha za aina moja ambazo huwa natumiwa sana na watu wanaojua kazi yangu ni mifugo. Zinakuja usiku mara nyingi, picha kwanza, salamu baadaye au hakuna kabisa. Ndama amelala chini bado ana ute, tumbo liko wazi, utumbo wote uko nje unang'aa kwa mwanga wa tochi, na chini ya picha kuna swali: dokta hiki ni nini? Wengine hata hawaulizi ni nini, wanauliza nani kafanya. Aliyevuta kavuta vibaya? Ng'ombe alipigwa pembe na mwenzie? Alikula kitu? Kuna mtu ana neno na sisi? Na mi karibu mara zote najibu swali kwa swali, hebu angalia pembeni ya hilo tundu, ngozi imechanika na kuna damu, au ngozi imeishia tu, ukingo laini, hakuna kidonda?

Hapo ndo panaamua mambo. Ngozi iliyochanika inakwambia kitu kimetokea leo, labda nusu saa iliyopita. Ukingo laini unakwambia hapa hapajawahi kufungwa tangu mwanzo, na hilo ni la zamani sana, la kipindi ambacho mwenye ng'ombe hata hajajua kama ng'ombe wake kashika mimba. Ukishajua lini, ile orodha ya watuhumiwa inafupika yenyewe.

Nianze na iliyochanika leo manake inachanganya watu mno. Mbwa akizaa anakata kamba ya kitovu mwenyewe kwa meno, paka vilevile, na kwa kawaida anafanya kazi safi tu, ila wapo mama wenye papara, anatafuna kamba mpaka anafika kwenye ngozi ya tumbo, anavuta, utumbo unafuata. Mtoto alizaliwa mzima kabisa. Mtu anaingia baadaye anakuta matumbo nje anasema kazaliwa hivi. Hajazaliwa hivyo. Kwa vitoto vya nguruwe unakuta kamba imekanyagwa au imenasa mahali wakati mtoto anahangaika kutafuta titi, ikavutika pale shinani. Na kwa ndama au mtoto wa farasi kitovu kikivutwa kwa nguvu wakati wa kuzalisha, au kikikatwa karibu mno na tumbo, panaweza kufumuka. Hizi ni ajali. Na mtoto wa namna hii, kama utumbo haujachubuka wala kuchafuka, ana nafasi nzuri kuliko wengi nitakaowaeleza huko mbele, kwa sababu vitu vingine vyote mwilini mwake viko kamili.

Sasa turudi nyuma, kule kwenye lini.

Mwanzoni kabisa kiinitete hakina umbo la mnyama. Ni kitu bapa, tabaka tatu zimelaliana, kama karatasi. Ili kiwe mwili lazima kijikunje: upande wa kichwa unainama chini, upande wa mkia unainama chini, na kingo mbili za ubavuni zinashuka kulia na kushoto mpaka zinakutana katikati chini ya tumbo, zinaungana, na baadaye misuli inakuja kujipanga humo. Inabaki nafasi moja tu ndogo ambayo haifungwi, na haifungwi kwa sababu mishipa ya damu inayotoka kwenye kondo la nyuma inapita hapo. Ndo kitovu. Kwa ng'ombe haya yote yanafanyika ndani ya wiki za mwanzo mwanzo, ikifika kama wiki ya nne ultrasaundi inaweza kukuonyesha moyo unadunda, na mimba yenyewe inakwenda siku 283 hivi. Yaani hatima ya ukuta wa tumbo inaamuliwa wakati bado kuna miezi mingi ya kusubiri, na kwa miezi yote hiyo hutaona dalili yoyote, ng'ombe anakula, ananenepa, kiwele kinajaa. Kwa nguruwe mwenye siku 114, au mbwa na paka wenye siku 63 na kidogo, kalenda imebanwa zaidi, lakini mpangilio ni uleule, kukunja kwanza, kukua baadaye.

Halafu kuna kitu ambacho mi nilipokisoma shuleni kilinishangaza kuliko magonjwa yote, kwamba utumbo kutoka nje ya tumbo ni sehemu ya kawaida ya kukua. Wote tumepita hapo. Ini linakua haraka linachukua nafasi, utumbo nao unarefuka kuliko chumba kilichopo, basi unahamia kwa muda ndani ya kamba ya kitovu, unajizungusha huko huko, halafu tumbo likishapanuka unarudi ndani. Kwa binadamu unatoka kwenye wiki ya 6 na unarudi karibu na wiki ya 10, wanyama nao wana tarehe zao. Kwa hiyo kila ndama unayemuona anaruka ruka nje, kuna wakati utumbo wake ulikuwa nje ya tumbo.

Usiporudi ndo inaitwa omfaloseli. Mtoto anazaliwa na uvimbe palepale kitovuni, utumbo na mara nyingine ini viko ndani ya kifuko chembamba unachoweza kuona vitu kwa ndani, na kamba ya kitovu imeota juu ya hicho kifuko. Hiyo ni tofauti na gastroskisisi, ambayo hakuna kifuko kabisa, ukuta una tundu pembeni ya kitovu na utumbo umetoka ukiwa mtupu, umekaa unaogelea kwenye maji ya chupa ya uzazi kwa muda wote huo. Kwenye karatasi tofauti ni rahisi. Uwanjani sasa! Kifuko cha omfaloseli ni chembamba, kinapasuka wakati wa kuzaliwa, au mama anakilamba mpaka kinaisha, na ukifika wewe unakuta utumbo mtupu unasema gastroskisisi. Mi naangalia vitu viwili. Cha kwanza kitovu kiko wapi, kiko pembeni ya tundu kikiwa kizima au tundu ndo kitovu chenyewe, na kama kuna mabaki ya utando yamening'inia kwenye ukingo. Cha pili utumbo wenyewe ukoje. Uliotoka sasa hivi ni mwembamba, laini, unateleza, rangi ya waridi. Uliokaa kwenye maji ya chupa kwa muda unakuwa mnene, umegandamana, una kama ukoko wa utando juu yake, na huo hata ukirudishwa ndani unaweza kugoma kufanya kazi.

Watu wananiuliza inahusu nini kujua jina, mradi kitu kiko nje kirudishwe ndani. Inahusu, kwa sababu omfaloseli mara nyingi haiji peke yake. Kule kule kwenye wiki za mwanzo moyo nao ulikuwa unajengwa, kaakaa, uti wa mgongo, njia ya haja, na kilichovuruga kimoja kinaweza kuwa kimegusa na kingine. Kwa hiyo kabla hujamuita mtu wa kushona, fungua mdomo uone kaakaa kama limeungana, geuza nyuma uone kama ana tundu la haja kubwa, pitisha vidole juu ya mgongo, sikiliza moyo. Nimeona ndama watu wamemhangaikia saa nzima kurudisha utumbo halafu mtu anamnyanyua mkia, hakuna tundu. Hapo kila mtu ananyamaza.

Na kabla hata ya hayo yote, ukimkuta mtoto yuko hai na utumbo nje, usiusukume ndani kwa mikono michafu eti asije akafa. Mtoe mbali na ulimi wa mama yake kwanza. Mlaze kwenye kitu safi, lowesha utumbo kwa maji ya chumvi ya uvuguvugu, ya dripu kama yapo, kama hayapo maji yaliyochemshwa yakapoa yenye gramu 9 za chumvi kwa lita 1, halafu funika kwa kitambaa safi kilicholoa au plastiki safi ili usikauke, na umpe joto. Kitambaa kikavu hapana, kinanata na kuchuna. Halafu piga simu. Na uwe tayari kwa jibu gumu, kwa sababu ndama au mtoto wa farasi ambaye utumbo umekanyagwa, umejaa majani na mavi, umekuwa mweusi, huyo hata daktari mwenye vifaa vyote atakwambia mlazeni moja kwa moja asiteseke, na atakuwa sahihi. Wapo wanaopona kabisa, watoto wa farasi na ndama wameshonwa wakapona, lakini ni wale waliowahiwa.

Sasa ile kubwa kuliko zote. Nimeiweka hapa katikati kwa makusudi ili wenye roho nyepesi waliofika hapa wajiandae.

Inaitwa skistosomusi refleksusi, na mnyama anayeipata zaidi ni ng'ombe, ingawa kondoo, mbuzi na nguruwe nao hupata, na mara chache paka, mbwa na farasi. Kumbuka ile karatasi ambayo kingo zake zinatakiwa kukunjwa kushuka chini. Hapa zimekwenda juu. Uti wa mgongo nao umejipinda kinyumenyume, kiasi kwamba mkia unakaribia kichwa, mbavu zimefunguka kuelekea nje, kifua na tumbo viko wazi, moyo, mapafu, ini, utumbo, vyote vinaning'inia, na miguu imekakamaa viungo havikunji. Mara nyingine ngozi imegeuka ikafunika kichwa na miguu, yaani vinavyotakiwa kuwa nje viko ndani ya mfuko na vinavyotakiwa kuwa ndani viko nje. Waliokuwa wakiandika juu ya viumbe hivi walikuwepo tangu zamani, Ernst Friedrich Gurlt wa chuo cha mifugo cha Berlin alikuwa akivielezea na kuvipanga kwa makundi katika karne ya 19, kwa hiyo anayekwambia haya ni mambo ya siku hizi, ya chanjo au ya chakula cha madukani, mwambie atulie.

Kinachotisha watu ni jinsi anavyokuja. Kuna namna mbili. Ya kwanza inakuja miguu, minne yote kwa pamoja labda na kichwa, unashindwa kuelewa ipi ni ya mbele ipi ni ya nyuma, na haivutiki kwa sababu imekakamaa. Ya pili ndo balaa, unaona utumbo unatoka kwenye njia ya uzazi ya ng'ombe. Mtu yeyote mwenye akili timamu akiona hivyo anajua ng'ombe wake kapasuka ndani, na nimesikia za ng'ombe waliochinjwa palepale kwa sababu hiyo, wakati ng'ombe mwenyewe alikuwa mzima hana hata mchubuko. Ule utumbo haukuwa wake. Kama wewe ndo mwenye mkono ndani, usiamue kwa macho, fuata utumbo kwa vidole uone umeshikamana na nani. Wa ndama ni mwembamba sana ukilinganisha na wa mama, unaishia kwenye mwili wa kijusi, unaweza hata kugusa moyo umening'inia na unadunda. Halafu pitisha mkono taratibu kwenye ukuta wa mji wa mimba wote, kama hakuna mpasuko basi vuta pumzi, ng'ombe wako bado unaye.

Na ndiyo, moyo unaweza kuwa unadunda. Hili linaumiza watu. Kijusi cha namna hii kinaweza kufika mwisho wa mimba kikiwa hai kwa sababu humo ndani hakihitaji mapafu wala tumbo, kondo ndo linafanya kazi zote, damu inakuja na hewa yake na chakula chake. Kinachohitajika ni moyo tu, na moyo upo. Akishatoka, kamba ikikatika, hana mapafu ya kutumia wala kiwambo cha kuvuta hewa, anakufa muda mfupi, na kama hafi mara moja daktari anamsaidia kuondoka. Hakuna upasuaji wa kumtengeneza, asikudanganye mtu.

Kumtoa ni kazi. Kuvuta kwa nguvu ya watu wanne ni njia ya uhakika ya kumuua mama, kwa sababu ile mifupa iliyopinda inachana mji wa mimba. Kama kijusi ni kidogo na njia imelegea, wakati mwingine anatoka kwa kuvutwa kistaarabu na mafuta mengi ya kulainisha. La sivyo ni mambo mawili, kumkata vipande humo humo ndani kwa waya wa msumeno, unaanza na kutoa vile viungo vya ndani kupunguza ukubwa halafu unakata pale mgongo ulipopinda, au kumpasua mama ubavuni. Mi binafsi nikikuta miguu minne na kichwa vimekuja kwa pamoja napendelea kupasua mapema, kabla mama hajachoka na kabla ndani hakujavimba, ila wapo wazoefu wa waya ambao wanamaliza haraka kuliko mimi nikiwa bado nanyoa manyoya ubavuni, kwa hiyo si sheria. Jambo moja la kukumbuka, baada ya kumtoa rudisha mkono ndani tena. Zimeripotiwa kesi ambapo pembeni ya kiumbe hiki kulikuwa na pacha mzima kabisa, na itakuwa aibu ya mwaka kufunga begi na kuondoka ukamwacha.

Kuna ndugu zake wengine nitawapitia haraka. Perosomusi elumbisi, ambapo uti wa mgongo unaishia katikati, hakuna kiuno wala sakramu, yaani ule mfupa wa mgongo unaoshikana na nyonga, sehemu ya nyuma inaning'inia na miguu ya nyuma imekakamaa. Na ektopia kodisi, moyo nje ya kifua, ambayo kwa ng'ombe mara nyingi moyo unakuwa shingoni, unauona unaruka chini ya ngozi pale chini ya koo. Huyo wa shingoni ajabu yake ni kwamba anaweza kuishi, kama ngozi imefunika vizuri na moyo wenyewe umejengwa sawa. Mlishe, usimfunge kamba shingoni.

Tuje kwa ile ambayo wengi mnayo nyumbani sasa hivi na hamna habari, ngiri ya kitovu. Hii ni ile hadithi ile ile ya ukuta kutofungwa, ila kwa kiwango kidogo kabisa: kila kitu kilikunjwa sawa, utumbo ulirudi sawa, ngozi ikafunga, halafu ile pete ya kitovu ambayo ilitakiwa kuziba baada ya kuzaliwa ikabaki na uwazi. Kinachotokeza hapo ni mafuta ya tumbo, au kipande cha utumbo, na kwa ndama mara nyingi ni lile tumbo la nne. Mlaze ndama chali, bonyeza taratibu, uvimbe ukirudi ndani utahisi pete kwa ncha za vidole. Pete ya kidole kimoja au viwili kwa ndama mdogo mara nyingi inajifunga yenyewe akikua. Ikipita vidole vitatu, au amefika miezi 6 bado ipo, hiyo haina nia ya kufunga, ashonwe. Uvimbe ukiwa wa moto, mgumu, unauma na haurudi, kuna mambo mawili, ama kitovu kimeoza kwa maambukizi ama utumbo umenaswa na unakosa damu, na hilo la pili linahesabiwa kwa saa. Ndama ameacha kunyonya, anajipiga tumbo kwa miguu, analala anaamka, usisubiri asubuhi.

Na usifunge uzi wala mpira kwenye huo uvimbe eti ukauke udondoke. Najua unafanya kazi kwa wengine, najua mtu wako alifanya akafanikiwa, alifanikiwa kwa sababu siku hiyo ndani kulikuwa na mafuta tu. Siku utakayokuta kuna utumbo ndani utakuwa umeukata kwa mkono wako.

Maambukizi na ngiri pia wanapendana. Kitovu kikioza pete inachelewa kufunga, ukuta unalegea, kwa hiyo ngiri nyingine hazikutoka kwa wazazi bali zilitoka kwenye malazi machafu na kitovu kisichopakwa iodini. Hapa lile swali la lini linapata shida kidogo, kwa sababu mnyama mmoja anaweza kuwa na sababu zote mbili. Mi naangalia ndugu zake. Ndama mmoja kwenye banda chafu, naangalia banda. Ndama watatu wa dume mmoja kwenye mabanda matatu tofauti, naangalia dume.

Kwa nguruwe wanaume shida inahamia chini, utumbo unashuka kwenye korodani, na kwa kuwa wanahasiwa wakiwa wadogo ndo utaona umuhimu wa kuwapapasa mmoja mmoja kabla ya kisu. Ukikata bila kuangalia, utumbo unatoka pale pale mkononi. Kurithishana kwa ngiri hii kwa nguruwe kunajulikana vizuri, haibebwi na jeni moja bali nyingi, ndo maana inaruka ruka, dume msafi kabisa anazaa vitoto viwili vyenye ngiri kati ya kumi.

Mbwa na paka wana yao inayonifurahisha, kama naruhusiwa kufurahia ugonjwa. Kuna watoto ambao ukuta ulioshindwa kukamilika si wa nje, ni ule unaotenganisha tumbo na mfuko wa moyo. Kwa nje hana tatizo lolote. Ini au utumbo umeingia kwenye mfuko wa moyo na kukaa humo, na mbwa wa aina ya Weimaraner na paka wenye manyoya marefu kama Persian ndo wanatajwa sana. Wengine wanakohoa, wanatapika, wanachoka upesi. Wengine wanazeeka nayo, siku moja anapigwa eksirei kwa sababu nyingine kabisa, moyo unaonekana mkubwa kama puto, kumbe ndani kuna utumbo. Na hapa lini ina jibu moja tu: kwa mbwa na paka haiwezi kuwa ajali ya gari, manake baada ya kuzaliwa hakuna njia kati ya tumbo na mfuko wa moyo inayoweza kupasuliwa. Kiwambo cha kawaida kinaweza kupasuka kwa ajali, huu mlango wa moyoni hapana, ni wa kuzaliwa nao.

Haya, sababu. Watu wanataka sababu, na kwa mnyama mmoja mmoja mara nyingi huipati. Kinachojulikana kwa ujumla ni kwamba kuna jeni, kuna sumu na dawa, kuna lishe, kuna virusi, na juu ya vyote kuna tarehe. Mfano wa tarehe ninaoupenda si wa tumbo, ni wa uso. Magharibi mwa Marekani, huko Idaho, kondoo walikuwa wakizaa watoto wenye jicho moja katikati ya paji, na watafiti wakaja kugundua ni mmea uitwao Veratrum californicum, kondoo akiula siku ya 14 ya mimba ndo anazaa hivyo. Akiula wiki mbili baadaye, uso uko sawa ila miguu inakuwa mifupi. Mmea uleule, kondoo yuleyule, tarehe tofauti, ulemavu tofauti. Na Texas mwaka 1933 Fred Hale aliandika juu ya nguruwe aliyenyimwa vitamini A akazaa vitoto 11, vyote bila macho, na kabla ya hapo wengi waliona kasoro za kuzaliwa ni mambo ya damu tu, ya ukoo.

Kwa mfugaji wa leo maana yake ni kuogopa dawa kwenye wiki za mwanzo kuliko za mwisho, kinyume kabisa na watu wanavyofanya, mtu anamhurumia ng'ombe mwenye tumbo kubwa halafu anamnywesha dawa ovyo aliyepandishwa wiki tatu zilizopita. Albendazole, dawa ya minyoo ya kila siku, ina onyo lake, ng'ombe asipewe ndani ya siku 45 za mwanzo za mimba na kondoo ndani ya siku 30. Griseofulvin kwa paka mwenye mimba ni hatari inayojulikana, watoto wanatoka na kasoro za kila namna, na watu wanampa tu kwa sababu ana mapunye. Soma karatasi ya ndani ya boksi, ile unayoitupa.

Kuhusu jeni, mi ugomvi wangu ni na wauza watoto wa mbwa. Ngiri ya kitovu kwa Airedale, Basenji na Pekingese inajulikana kutembea kwenye ukoo, na kushona ngiri kunatengeneza tumbo la huyo mbwa tu, kile alichobeba kwenye mbegu au mayai kiko palepale. Anashonwa akiwa na miezi michache, manyoya yanaota, kovu halionekani, anauzwa kama wa kuzalishia. Hii mi naiita udanganyifu na sitafuti neno laini. Ukimshona, mfunge kizazi siku hiyohiyo ukiwa umeshamlaza kwa nusukaputi, umemaliza.

Kwa ng'ombe ugomvi ni mwingine, ni kuficha. Mtoto wa namna hii anazikwa haraka, kimya, watoto wasione, majirani wasijue, na nawaelewa kwa kweli, ila pamoja na mwili inazikwa na taarifa. Kama jeni ni fiche, dume anaibeba bila kuonyesha chochote, na mbegu zake zinaweza kufika kwa ng'ombe wengi sana kwa uhimilishaji. Kila mwenye ng'ombe anaona kisa kimoja, anadhani ni mkosi wake peke yake. Piga picha kabla ya kuzika, pande zote, na moja ya karibu ya ukingo wa tundu. Andika jina au namba ya dume, tarehe ya kupandisha, mama yake ni nani, dawa alizopewa miezi miwili ya kwanza, alilishwa wapi. Peleka kwa aliyekuletea mbegu. Kisa kimoja hakimhukumu dume, kwa skistosomusi hata hilo suala la kurithi linashukiwa tu, halijafungwa, lakini visa vinne vyenye jina moja la dume vinaongea.

Na mama? Karibu kila mfugaji anauliza amuuze. Ng'ombe aliyezaa kiumbe cha namna hii, kama mji wa mimba haukuchanika na kondo limetoka, anaweza kushika mimba na kuzaa ndama mzima. Kondo lisipotoka ndani ya saa 24 mwite daktari, usilivute wala kulifungia jiwe. Mwangalie homa na uchafu unaotoka kwa wiki mbili hivi, hasa kama alikatiwa kijusi ndani, mpe muda wa kupumzika kuliko kawaida kabla ya kumpandisha. Mi mara ya kwanza simlaumu mama. Kwanza naomba daftari nione dume ni nani, na kama ni yuleyule aliyemzaa huyo ng'ombe mwenyewe, anayetakiwa kuuzwa ni dume.